Bi Kinyaa, Dobi Aliyejifunza Gobore Ukubwani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, poleni na asanteni.

Marehemu mlimwita Bi Kinyaa. Mlimwita hivyo mbele yake na aliitika, maana jina hilo alijipa mwenyewe. Anayewasomea ni mdogo wake wa kumfuata, aliyelala naye kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa, na aliyesukumwa chini kila alipopanda kitandani hapo bila kunawa miguu. Familia imemwomba asome bila kupunguza. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza. Alisema wasifu mwingi wa misibani unamtia kichefuchefu, kwa sababu ukiusikiliza unadhani wema wote wamekufa na wabaya wote wamehamia mji mwingine.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Aprili 1953, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, katika chumba cha nyuma cha duka la nyama la baba yetu. Uchungu ulimshika mama ghafla, na kati ya kitanda na mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia palikuwa na pazia tu. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alipotoka hakulia. Alipiga chafya kwanza, akakunja uso, ndipo akalia, na alilia kama mtu aliyedhulumiwa. Tulikulia katika harufu ya damu, mafuta na nzi. Sisi wengine tuliizoea, yeye hakuizoea hata siku moja. Alikuwa na kipande chake cha sabuni alichokifunga kwenye kitambaa, na hakukubali kubebwa na baba mpaka baba avue aproni. Shangazi walisema mtoto ana maringo. Baba akawajibu, "Mwacheni. Kweli nanuka. Ninyi mmenizoea tu."

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza mwaka 1967 akiwa mwenye daftari safi kuliko wote, ingawa hesabu zilizokuwa ndani ya daftari hilo hazikuwa safi kiasi hicho. Alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na huko alikaa mpaka kidato cha pili. Wengi mmesikia habari ya sufuria. Wasichana walikuwa wakipikiwa maharage yaliyojaa wadudu, wakila huku wamefumba macho. Siku moja marehemu aliingia jikoni, akaipindua sufuria nzima mtaroni. Mwalimu mkuu alipomwita amweleze, marehemu alimpelekea kijiko cha maharage yaliyobaki na kumwambia, "Mwalimu, onja kidogo." Mwalimu hakuonja. Marehemu alirudishwa nyumbani na sanduku lake. Baba alimuuliza kitu kimoja tu: "Ulisema kwanza ndipo ukamwaga, au ulimwaga ndipo ukasema?" Alikuwa amemwaga kwanza. "Basi hapo ndipo ulipokosea," baba akasema. "Sema kwanza." Aliruhusiwa kurudi, lakini mwaka uliofuata mama yetu alifariki, na marehemu akaacha masomo ili atulee sisi wadogo. Kama kuna mmoja wetu leo anayetembea na kola nyeusi, amejichafua mwenyewe, hakufunzwa hivyo.

Mwaka 1972 aliajiriwa kufua katika hoteli kubwa ya mjini. Alikaa huko miaka kumi na mitatu, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, mvuke ukitoka kila upande, mikono ndani ya magadi. Alikuwa akisema kwamba mtu aliyefua mashuka ya hoteli hawezi tena kumwogopa mkubwa yeyote. Mwaka 1985 alifungua duka lake la kufulia nguo katika mtaa wa magereji, na watu wakamcheka: nani anafungua duka la usafi katikati ya oili chafu? Naye akawajibu kwamba daktari hafungui zahanati mahali pasipo na wagonjwa. Mafundi wa magari wakawa wateja wake wa kwanza. Kila nguo iliyoingia ilishonewa kitambulisho kwa uzi mwekundu, na kabla ya kupokelewa iligeuzwa ndani nje mbele ya mwenyewe, mifuko ikatolewa, mabaka yakatajwa kwa sauti. Wapo waliosafiri mpaka mtaa wa tatu kumkwepa. Walirudi.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1976 na fundi kufuli. Walikutana pale hotelini, mlango wa stoo ya mashuka ulipogoma kufunguka na fundi akaitwa. Fundi alifika na kisanduku chake, mikono imejaa grisi. Kabla hajagusa kitasa, dobi mmoja mwembamba alimsimamia mbele na beseni.

"Nawa."

"Mama, mimi nimekuja kufungua mlango, sikuja kula."

"Nyuma ya mlango huo kuna mashuka meupe mia mbili. Nawa."

Fundi alinawa. Dobi akaitazama mikono, akamwaga maji, akaleta mengine. Fundi alinawa mara tatu, na shemeji yetu huyu husema kwamba mara ya tatu hakuwa na uchafu tena, alitaka tu beseni lisiondoke. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana.

Sasa tufike kwenye gobore, maana najua kuna waliokuja kulisikia hilo.

Shemeji alirithi kutoka kwa mjomba wake gobore la kienyeji, lile la kushindiliwa kwa mdomo, pamoja na kibali chake cha polisi. Kila Jumapili alikwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa nje ya mji, ambako wanaume wa chama cha shabaha walikuwa wakipiga mbao kwa baruti nyeusi kama walivyopiga babu zao. Jioni alirudi na uso wenye masizi na nguo zinazonuka kiberiti. Kwa zaidi ya miaka ishirini marehemu alivumilia kwa namna yake: nguo hizo zilivuliwa nje ya mlango, zikashikwa kwa koleo.

Mwaka 2001, marehemu akiwa na miaka arobaini na minane, shemeji alirudi Jumapili moja akiwa na homa. Aliliegemeza gobore stoo, nyuma ya magunia ya sabuni, akaenda kulala bila kulisafisha. Kwa wasioijua baruti nyeusi: ikiungua haiishi yote. Nyingine inatoka na moshi, nyingine inabaki ndani ya mtutu kama uji ulioungua. Masizi hayo huvuta unyevu, yakila chuma na kunuka kama yai lililosahaulika kabatini. Siku chache baadaye marehemu alidhani panya amefia stoo. Alihamisha magunia, akafagia, akapiga dawa. Harufu iko palepale. Akaifuata pua yake mpaka kwenye mdomo wa gobore, akainama, akanusa. Alitusimulia kwamba machozi yalimtoka, na si ya huzuni.

"Baba watoto! Kitu chako huku kimekufa lini?"

"Liache, mama watoto," shemeji akajibu kutoka kitandani. "Nikipona nitaliosha."

"Na mimi nivute pumzi wapi mpaka upone?"

Akalibeba mpaka chumba cha kufulia cha duka, lililoungana na nyumba yao, akalitia mtutu kwenye pipa la maji ya moto na sabuni. Shemeji, kwa sababu hakuweza kuinuka, akawa anaelekeza kwa kupaza sauti. "Toa chuchu kwanza! Chuchu! Ifungue taratibu, usiivunje!" Chuchu ni kile kipande kidogo cha chuma kinachovishwa fataki. Lakini mteja aliyekuwa kaunta hakulijua hilo, na aliondoka bila kuchukua mashati yake.

Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi. Ya pili meusi. Alibadilisha na kubadilisha, akisugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, huku akitukana ukoo mzima wa mjomba aliyeacha urithi huo. Maji yalipokuja kutoka meupe, alilikausha, akalipaka mafuta, akaelekeza mtutu dirishani na kuchungulia. Ndani mling'aa kama kioo. Shemeji anasema ugonjwa wa gobore ulimwingia mkewe hapo.

Jumapili iliyofuata alisema anakwenda machimboni. "Nataka kuwaona wanaolichafua."

Aliyoyaona kule alitusimulia kwa miaka mingi. Wanaume wazima wanachukua kiraka cha kitambaa cha kuvishia risasi, wanakitia mdomoni, wanakitafuna kilowe, kisha wanakitoa na kukipachika kwenye mtutu. Mwingine ametoka kula, mwingine ana tumbaku kwenye meno. Wasiotumia mate walitumia mafuta ya kondoo yaliyochacha, ndani ya mkebe wenye nzi. Na mdeki mmoja ulizunguka kwa watu sita, haujafutwa.

"Jamani," marehemu aliwauliza, "mnapiga shabaha au mnalishana?"

Mwenyekiti wa chama alicheka mpaka tumbo likatikisika. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mkubwa, mkarimu, mwenye sauti, na sigara haikumtoka mdomoni. "Shemeji," alimwambia, "huu ni mchezo wa wanaume. Ukiogopa uchafu, kakae kwenye gari."

"Siogopi uchafu, bwana Mwenyekiti. Nauchukia. Kuogopa na kuchukia ni vitu viwili."

Akamgeukia mumewe, akasema, "Nifundishe."

Alifundishwa siku ileile. Kwanza kuangalia kama gobore ni tupu: unashusha mdeki mpaka mwisho, unaona kama unafika sakafuni mwa mtutu. Kisha baruti, na baruti haimwagwi kutoka kwenye kopo kamwe. Unaitia kwenye kipimo, unafunga kopo, ndipo unamimina kipimo. Kisha kiraka na risasi ya duara juu yake, unashindilia mpaka alama iliyochongwa kwenye mdeki iguse mdomo wa mtutu, maana risasi ikining'inia mbali na baruti, gobore linaweza kukupasukia mikononi. Fataki mwisho kabisa, ukiwa umesimama mstarini na mdomo umeelekea ubao. Na lisipolia, usilishushe wala usilichungulie. Shikilia hapohapo usubiri, kwani baruti ina tabia ya kuchelewa kusikia.

Alipofyatua, moshi mweupe ulimfunika mpaka asionekane. Watu wakasikia kikohozi. Alipotokea, blauzi yake nyeupe ilikuwa na madoa meusi kifuani na usoni alikuwa kama mpishi wa tanuri. Risasi haikugusa ubao, ilipiga nguzo. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi ya kejeli. Marehemu alijitazama, akatema mate pembeni, akasema, "Uchafu mtupu." Kisha akanyoosha mkono kwa mumewe. "Tena."

Tusimsifie asichokuwa nacho. Hakuwahi kuchukua kikombe. Macho yake yalikwishaharibiwa na mvuke wa hoteli, na bega lake la kulia lilichoka mapema. Lakini kiraka chake alikipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kupikia, akakipanga kwenye kibati chenye kifuniko, na baada ya miezi wale waliomcheka walianza kumnyemelea mmojammoja: "Mama, hivi huna viwili vya ziada?" Aliwapa. Aliwapa kwa ncha za vidole, kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani.

Kitu kimoja hakukizoea: sigara ya Mwenyekiti. Mezani palikuwa na makopo ya baruti, na sigara ikining'inia juu yake. Alisema, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Mwenyekiti akacheka. Njiani kurudi nyumbani shemeji alimsihi.

"Mama watoto, yule ni mkubwa wetu. Ameanza mchezo huu kabla hatujaoana."

"Na baruti imeanza kuungua kabla yeye hajazaliwa."

Yanayofuata yalitokea Julai 2004. Mwenyekiti yupo hapa leo, amekaa kule nyuma. Familia ilimweleza mapema kwamba yatasomwa, naye akasema, "Someni."

Shemeji alikuwa amekaa mezani akijaza kipimo. Kopo liko wazi, limebaki na baruti kidogo, mkono wake wa kulia uko juu yake. Mwenyekiti alikuja kwa nyuma, akainama kumnong'oneza mzaha fulani, akacheka. Majivu yalianguka yakiwa na moto. Hapakuwa na mlio mkubwa. Palikuwa na mwako tu, kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri na kuufunga, na baada yake harufu. Marehemu alikuwa hatua chache tu kutoka hapo akifuta mdeki. Aliiona sigara, aliyaona majivu, aliuona mkono.

Hospitali waliuokoa mkono, lakini vidole viwili viligandamana na ngozi ya kiganja ilikufa. Kwa fundi kufuli, mtu anayesikiliza kufuli kwa ncha za vidole, mnajua maana yake. Siku ya tatu Mwenyekiti alikuja wodini na kikapu cha matunda. Alikaa upande wa mguuni akasema taratibu kwamba polisi wameuliza. Akasema wakisikia habari ya sigara watafunga kiwanja na chama kitakufa. Ingekuwa afadhali, akasema, tuseme fundi alimimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye kopo, mtutu ukiwa bado moto. Makosa ya mkono wake. Hayana aibu, yanampata yeyote.

Marehemu aliinuka. Hakupiga kelele. Aliyachukua matunda, akayapeleka nje ya wodi, akayaweka juu ya pipa la takataka. Aliporudi, Mwenyekiti alikuwa ameondoka, naye mumewe akitazama ukuta.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sawa."

Kikao cha chama kiliitishwa baada ya wiki chache, katika ghala la mbao la Mwenyekiti mwenyewe. Shemeji alikwenda, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Mwenyekiti alieleza kisa cha mtutu wa moto, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawaonya wanachama kuhusu uzembe. Marehemu akasimama.

"Uongo," alisema. "Sigara yako ndiyo iliyomuunguza. Nimeiona kwa macho yangu."

Mwenyekiti akasema kwa huruma, "Shemeji yetu ana uchungu kwa ajili ya mumewe, tumwelewe. Si fundi mwenyewe yupo hapa? Muulizeni."

Wote wakamtazama fundi kufuli. Alikuwa na marafiki wa miaka ishirini ndani ya ghala lile, na nje ya ghala hakuwa na wengine. Aliinamisha kichwa. "Nilikosea mimi," akasema.

Marehemu alitoka nje na kutapika. Hatusemi kwa mafumbo: alitapika kweli, nyuma ya ghala, ameshika rundo la mbao, mpaka pakawa hapana cha kutapika.

Hapo ndipo sisi wa familia tulipomwelewa dada yetu, na tulikuwa tumechelewa. Huyu mwanamke aliyemwaga chai yote kwa sababu ya nzi mmoja, aliyeshika soksi kwa koleo, ndiye aliyeuosha mkono ule asubuhi na jioni kwa miezi. Ulitoa usaha, ulinuka, nesi wa zahanati mwenyewe aligeuza uso. Marehemu hakukunja hata kope. Aliulowanisha, akaukausha, akaufunga, lakini hakuzungumza na mumewe neno lisilohusu bandeji. Siku moja shemeji alishindwa kuvumilia.

"Mama watoto, hivi huoni kinyaa?"

"Usaha unaosheka," alimjibu bila kuinua kichwa. "Ule ulioutoa ghalani ndio sijapata sabuni yake."

Miezi ikapita. Shemeji alifunga kibanda chake cha kufuli, akawa anakaa nyuma ya duka la kufulia, akitengeneza pasi na waya kwa mkono wa kushoto. Mtaani kisa cha mtutu wa moto kilikuwa kimeenea, na watoto wa magereji walimtania: fundi, leo umepika nini? Alicheka nao. Marehemu alikisikia kile kicheko kupitia ukuta wa mbao na kusugua kola kwa nguvu zaidi.

Mapema mwaka 2005 Mwenyekiti aliingia dukani mwenyewe, na suti. Alikuwa na harusi ya binti yake na hapakuwa na dobi mwingine aliyeweza kuipiga pasi suti ile. Duka lilikuwa limejaa wateja. Kwa kuwa kimya kilimbana, Mwenyekiti akaanza kuchekesha watu. "Fundi wetu yuko wapi? Bado anadhani baruti ni unga wa ngano?"

Wateja wawili wakacheka. Pazia la nyuma likafunguka, shemeji akatoka. Alikuwa na bisibisi mkononi na masizi ya pasi kwenye shavu. Alikuja mpaka kaunta.

"Mwenyekiti. Sigara ilikuwa yako."

"Aa, fundi. Mambo ya zamani hayo, na si ya hapa."

"Ni ya hapahapa. Uliniinamia ukanidondoshea majivu yenye moto kwenye kopo. Ukaja wodini ukaniomba niseme ni mimi, nikasema ni mimi. Nilisema mbele ya watu. Mke wangu alisema ukweli, nikamfanya mwongo mbele ya watu." Akawageukia waliocheka. "Na ninyi sikieni, mkawaambie wengine. Sikumimina kutoka kwenye kopo. Tangu nizaliwe sijawahi kumimina kutoka kwenye kopo."

Akaisukuma ile suti kwa mkono wake ulioungua. "Hii hatufui."

Mwenyekiti alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Alikunja suti yake akaenda.

Marehemu alikuwa amesimama na pasi mkononi muda wote huo. Hakumkumbatia mumewe, wala hakulia kama tulivyolia sisi tuliposimuliwa. Alimtazama, akasema, "Umechelewa." Kisha akavuta kiti. "Kaa basi, unatetemeka." Siku hiyo walikula pamoja.

Habari ya sigara ilifika polisi, nao wakafunga kiwanja, kama Mwenyekiti alivyotabiri, na wapo wanachama ambao mpaka leo hawasalimiani na familia hii kwa sababu hiyo. Kilipofunguliwa tena mwaka 2006, kilikuwa na uongozi mpya, na uongozi huo ulimwomba marehemu awafundishe wanaoanza. Alikubali kwa sharti kwamba somo la kwanza lifanyike dukani kwake. Dereva mstaafu wa malori alifika siku ya kwanza akiwa amevaa kofia ya mwindaji, akaonyeshwa pipa la maji ya moto.

"Mama, mimi nimekuja kupiga."

"Kupiga ni dakika moja, baba. Kuosha ni jioni nzima. Kama huwezi jioni, dakika utaipeleka wapi?"

Dereva aliosha. Baada yake waliosha mkunga, fundi cherehani, mhasibu na mapacha wawili waliokuwa hawasemezani mpaka waliposhika mdeki mmoja. Shemeji ndiye aliyewafundisha kulenga, kwa maneno tu, mkono wake ukiwa mfukoni. Akiona mtu ameacha kopo wazi, marehemu alimwita mumewe, akamwambia autoe mkono. Darasa lote lilifunga makopo.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa. Alipelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alipolazwa kwenye mashine mara ya kwanza alimwambia nesi, "Leo mimi ndiye nguo. Nifue vizuri, usinikunje." Alikataa mashuka ya hospitali, akaja na yake. Alilalamikia chakula, sakafu, kucha za daktari mmoja, na wahubiri wa wodini waliomshika kichwa bila kunawa. Binti yake alimwomba apunguze. Akajibu kwamba akinyamaza wajue ndiko kufa kwenyewe.

Wiki ya mwisho Mwenyekiti alikuja kumwona. Amezeeka, sigara aliiacha zamani kwa amri ya mapafu. Msomaji wa wasifu huu alikuwepo pale kando ya kitanda. Mzee alisimama na kofia mikononi, akaomba radhi kwa maneno kamili, hakuficha kitu: sigara, wodi, ghala, kejeli ya dukani. Alipomaliza alikuwa akilia. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Akampa mkono, na hakuufuta.

"Kusamehe nimekusamehe," alisema. "Nilikusamehe siku nyingi. Kinyaa ndicho hakijatoka. Nimejaribu, baba, nimekisugua kweli, hakitoki. Nisingependa kukudanganya."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. "Nitakaa nacho," akasema. Akavuta kiti, akakaa naye mpaka muda wa wageni ulipokwisha, wakizungumza habari za bei ya sabuni.

Bi Kinyaa alifariki dunia asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka sabini, mumewe akiwa amemshika mkono kwa ule mkono wake wa kulia.

Ameacha mume ambaye ni fundi kufuli, binti mmoja ambaye ni mwalimu, mwana mmoja anayeendesha duka la kufulia, wajukuu watano, kaka mmoja na wadogo wawili, akiwemo huyu anayesoma, pamoja na wanafunzi wa shabaha ambao hatukuweza kuwahesabu, ila tumewatambua leo kwa kola zao.

Ee Mola, mpokee dada yetu jinsi alivyo, na kama kuna la kumwambia, mwambie wazi. Umpe pumziko la amani.